Viatu vya Bibi Cherehani

Nilikwenda Dubai kwa ajili ya masikio ya baba. Macho yake yalikuwa yamezimika, na mwaka ule simu za kioo zilipoenea hadi kwetu Tanga, alianza kuniambia kila asubuhi kwamba anataka kuisikia miguu ya Asteria kabla hajafa. Asteria, mdogo wangu, alikuwa huko akicheza hotelini ile dansi ya viatu vyenye vyuma. Kila tulipomwomba ajirekodi atutumie, alisema mtandao mbovu, na tiketi akanikatia tu nilipoanza kulia kwenye simu. "Simu iweke chini, karibu na sakafu," baba aliniagiza. "Usinirekodie makofi."

Baba alikuwa mwendesha mashine katika jumba la sinema, na aliowapenda kuliko wote ni wale wa picha za zamani waliogonga sakafu kwa viatu mpaka sakafu ikasema. Majina yao yalipita haraka mno mwanzoni mwa picha, kwa hiyo watu wa mji waliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bwana Meza, aliyecheza juu ya meza bila kuangusha glasi. Lakini kipenzi cha baba alikuwa Bibi Cherehani, mwanamke mwembamba ambaye miguu yake ilikwenda kama ya fundi anayepinda shuka na mwenye shuka amesimama mlangoni. Asteria alimwiga tangu mdogo. Baba alimgongomelea vizibo vya soda chini ya viatu vya shule, naye akacheza kwenye saruji ya ua wetu huku majirani wakinung'unika. Baba alisema ana kasoro moja tu: mguu wa kushoto huchelewa kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani. "Hapo ndipo ninapomjua mwanangu."

Alfajiri nikapanda basi hadi Dar, halafu ndege. Mchana wa siku iliyofuata nilipotoka uwanjani Dubai, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya ubwabwa iliyofunuliwa. Asteria alinikumbatia, hakutaka kuniachia. Treni ikatufikisha Karama, alikopanga kitanda kwenye chumba cha wanawake wanne. Kwenye kitanda cha jirani alilala Grace, Mganda aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la maduka, kitambaa kikiwa usoni. Watu walisemezana kwa minong'ono.

"Mazoezi unafanyia wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Dada, humu mtu hagongi hata kijiko."

Jioni iliyofuata alinipeleka kazini, hoteli ndogo ya Al Muraqqabat. Onyesho lilikuwa la kuwaenzi wacheza dansi wetu wale wale. Mfilipino mmoja alikuwa amevaa koti la Bwana Meza, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Asteria ndiye aliyekuwa Bibi Cherehani. Nikimsaidia kufunga gauni, niliokota kiatu chake nikakigeuza. Soli ilikuwa mpira mtupu.

"Vyuma viko wapi?"

"Kakae mbele, dada," akasema bila kunitazama.

Nilikaa mbele, nikaweka simu juu ya zulia. Taa zikawaka, na mlio wa viatu ukajaa ukumbini, safi, wa haraka, mpaka mwili ukanisisimka. Kisha katika kugeuka, pindo la gauni lilimnasa kisigino. Asteria akasimama, akainama kulinasua. Viatu vikaendelea kulia. Wageni wakaendelea kula samaki wao, hakuna aliyeinua kichwa. Nimemzika mama yangu, lakini sikumbuki moyo wangu kuanguka namna ile.

Baadaye, kwenye mlango wa nyuma wa wafanyakazi, alinieleza. Meneja hataki kelele za viatu watu wakila, na jukwaa limetandikwa zulia. "Sauti inatoka kwenye kompyuta. Ni ya mtu mwingine, simjui hata jina. Kazi yangu ni kumfuata. Miaka yote hii namfuata yeye."

"Basi mchezee baba. Hata kidogo."

Asubuhi tulimngoja Grace arudi kutoka zamu, tukamwomba ruhusa ya jikoni, palipokuwa na vigae. Alikuwa amechoka hadi macho mekundu.

"Ninyi mcheze tu," alisema. "Watu wa chini wakikuja, mimi nitaongea na wao."

Asteria akatoa uvunguni viatu vyake vya vyuma, akavaa. Nikaweka simu sakafuni. Alianza, akasita, akaanza tena. Kila mara aliinua kichwa, akitega sikio, akingoja wa kumwongoza. Miguu iligonga ovyo kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani. Niliusubiri mguu wa kushoto uchelewe kidogo, haukuchelewa. Mwishowe akakaa chini, mgongo kwenye kabati.

"Khalas," alisema. "Imetoka, dada. Imekwisha kabisa."

"Turudi nyumbani, Asteria."

"Nikafanye nini kwenye ule ua?" Akachukua simu yangu, akafuta kile alichocheza. "Mpelekee ya ukumbini. Baba hatajua."

Grace alitumiminia chai. Hakuna aliyeinywa.

Nilirudi Tanga nikiwa sina cha kusimulia. Watu walitaka habari za maghorofa, nikawapa maghorofa. Nilichojifunza huko sikumwambia mtu: kwamba binadamu anaweza kuchukuliwa chote alicho nacho huku amesimama kwenye taa, nawe ukampigia makofi.

Jioni hiyo baba alikuwa ameoga, amevaa shati la Jumapili, ameketi uani kwenye saruji ile ile. Niliweka simu miguuni pake nikabonyeza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikifuatisha gotini. Nilimwona akitabasamu, nikamshukuru Mungu.

"Hodari sana huyu," alisema. "Na Asteria anaingia lini?"