Nilivyoulizia asili ya shamba letu Kiegei, tukalipoteza

Wakuu, nawasalimu wote humu, wa zamani na wageni.

Hili limetukuta sisi wenyewe. Majina tu nimebadili, chumvi sijaongeza.

Mimi nipo Nachingwea mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu. Baba yuko Kiegei, kwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na babu. Mikorosho hiyo ndiyo iliyotusomesha.

Wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walipoanza kuhamia huku, mashamba yakawa yanauzwa kila upande. Nikaona bora tujue historia ya letu, watoto wasije kusumbuliwa. Nilikuwa serious kabisa.

Kila nikimuuliza baba, jibu ni moja: "Babu yako alikuta pori, akafyeka."

Ningeishia hapo.

Tukafanya hitima ya babu. Ndugu na majirani wakajaa. Shangazi Somoe naye akaja, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Nambilanje kule Ruangwa. Watu walipomaliza kula, nikamwomba atusimulie babu alifikaje pale.

Kiswahili cha shangazi kilijaa Kimakua, ila siku hiyo kila mtu alimwelewa.

"Baba alikuja kufyeka pori la mradi wa karanga wa Wazungu. Karanga zikashindwa, akabaki hana pa kwenda. Mzee Likwena akampa hapa. Akamwambia lima mihogo, lima mtama, mti usipande. Mti ni wa mwenye ardhi."

Baba akasema, "Dada, basi."

"Basi nini? Mtoto kauliza. Akina Likwena walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, hawakurudi. Ndipo baba akapanda mikorosho."

Kulikuwa na mke wa jirani yetu anaosha masufuria. Akaacha kuosha. Wakuu, hakuna aliyekumbuka kuwa yule mama ni mjukuu wa Likwena.

Haukupita muda, kaka zake wakaja. Wakamwamkia baba, wakakaa. "Mzee, hatujaja kwa ugomvi. Tumesikia ya babu yetu."

Kesi ikaenda baraza la kata. Shangazi akaitwa kuwa shahidi.

Baba akanituma Nambilanje nikamwombe aseme amesahau, uzee. Nilimkuta anapepeta ufuta. Akanisikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini.

"Mwanangu, mimi ni wa kaburini. Niape uongo kwa sababu ya korosho?"

Nikaaga, nikarudi Kiegei.

Barazani alisema kweli huku analia. Tukaambiwa mgeni aliyekaribishwa habadiliki kuwa mwenyeji, hata akikaa miaka mingi. Tukaachiwa nyumba na makaburi. Basi.

Akina Likwena wakamuuzia mfugaji mmoja. Niseme ukweli, ni mtu muungwana. Alikuja kumsalimia baba, "Shikamoo mzee. Mimi nimenunua tu, haya mengine sikuyajua."

Kisha akaanza kukata mikorosho apate pa kulima mahindi na kuweka zizi. Baba alikaa mlangoni anasikiliza shoka. Chakula alichopelekewa kikapoa, kuku wakakila.

Shangazi alikuja na bodaboda kumwona. Baba akaingia ndani, akafunga mlango. Bibi wa watu alikaa kwenye mkeka nje, anamwita kwa jina lake la utotoni. Mlango haukufunguliwa. Jua lilipopungua bodaboda ikamfuata.

Hawakuonana tena. Mwezi uliopita shangazi alifariki.

Baba hakwenda kuzika. Nilikwenda mimi. Niliporudi nilimkuta kalala anatazama ukuta.

"Mmemzika wapi?"

"Nambilanje baba, kwa mumewe."

"Ardhi ile ni ya nani?"

Nikamwambia sijui, sikuuliza.

Akajifunika shuka. Mpaka naandika hapa hajaniongelesha.

Funzo? Mzee akikujibu kwa kifupi, muulize mkiwa wawili, siyo mbele ya watu. Ila hata hilo silishiki sana. Shangazi alisema kweli, wale wamechukua cha babu yao, mfugaji kanunua kihalali. Nikitafuta wa kumlaumu nakosa, na hilo ndilo linalonimaliza.

Kama kuna aliyewahi kuuguza mzee aliyekata tamaa hivi, aandike hapo chini alimwambia nini. Hata kunisema, nisemeni tu. Nasoma zote.