Mikono ya Kasonia na Kifuko cha Mafuta

Mtaani Mususa, mjini Butembo, Kasonia alijulikana kwa kutengeneza pikipiki na kwa kutotulia. Ndege yake ndogo ya mbao, ya kuchezea, yenye injini na inayomzunguka mrushaji aliyeshika nyaya zake, haikuwa imeruka kwa miezi mingi, maana siku hizi za vita chochote kinachovuma angani huwakimbiza watu. Sasa wakubwa wa mji jirani wa Beni waliwaruhusu wapenzi wa ndege hizo kurusha zao uwanjani, asubuhi moja tu.

Roho yake yote ilikuwa kwenye kifuko cha mafuta. Alikikata katika mpira laini, wenye uwazi ndani, ambao wauguzi hufungia mkono wa mgonjwa, akafunga ncha moja kwa uzi, nyingine akaitia mrija. Kikijazwa kwa bomba la sindano huvimba kama ndizi, kisha kwa kujibana chenyewe husukuma mafuta hadi kwenye injini hata ndege ikiwa kichwa chini. Alitengeneza viwili. Alivikamua, akaviosha, akavipaka poda, akavificha jua lisivipate. Punde akakijaza kimoja tena, aone kama kinavuja.

“Papa Jemima, acha ile mupira ilale,” alisema mkewe, Adèle. “Mutu anachokaka, na mupira inachokaka.”

“Mara moja tu, Mama Jemima.”

“Mara moja yako haiishake!”

Kesho yake kifuko cha pili hakikuonekana. Kasonia akapindua nyumba nzima, kisha akakitoa jasho kile kilichobaki kwa kukijaza na kukikamua tena na tena.

Huko Beni, alikokwenda na Adèle, zamu yake ilipofika, alikijaza. Kilikuwa tayari. Lakini akakiminya kidogo, kwa uhakika. Pfu! Kikapasuka, na mafuta ya injini, alkoholi iliyochanganywa na ya nyonyo, yakamlowesha shati.

“Kasonia, unaleta ndege ao kuku ya kukaanga?” rafiki yake Maliro alicheka. Askari msimamizi akatazama saa.

Kasonia alijiona akirudi Butembo na ndege iliyokaa kimya.

Adèle akafungua kikapu, akatoa kopo la poda ya mtoto. Ndani kifuko cha pili kililala, laini kama siku kilipokatwa.

“Donc njo weye uliiba?” Kasonia alishangaa.

“Niliichunga, ile mikono yako isiiguse. Iweke nyuma.”

Alikijaza mwenyewe, mara moja tu. Kasonia aliruhusiwa kuzungusha pangaboi, injini iwake, na kushika nyaya. Ndege ikapaa, ikapinduka, injini isikate sauti hata kidogo.

Ilipotua, mkono wa Kasonia ulikuwa tayari unakiendea kifuko. Adèle alikuwa amefika kabla yake.