Kikombe Kilichowekwa Chini Maskati

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa bendera ndogo ya njano iliyofungwa kwenye fimbo, akaniambia niinyanyue. Nikainyanyua.

"Juu zaidi," alisema. "Mtu akipotea sokoni haoni uso wako, anaona kitambaa."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya saluni, mtaa wa Blacktown, Sydney. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya utalii na hofu ya kila kitu. Nawaandikia ninyi mnaotaka kuingia kazi hii. Niliifanya kwa muda mfupi, ila nimeshaiacha, na nadhani aliyeiacha kazi anaruhusiwa kuieleza.

Tuliwauzia safari Waswahili wa Sydney Magharibi: wauguzi Wakenya, na Wakongo kama mimi na mama yangu, wanaokwenda kusalimia nyumbani na wangependa kupumzika njiani Maskati. Kiongozi wa msafara, yaani mimi, hasimulii historia. Anahesabu watu wanaposhuka kwenye basi, anagawa maji, anawakumbusha kina mama kubeba mtandio wa kuingilia msikitini. Historia ni kazi ya mwongozaji mwenyeji. Kiongozi analinda furaha.

"Sikiza, dear," Meneja aliniambia kabla hatujaondoka. Yeye ni Mkenya, na huita kila mtu hivyo, hata wanaomdai. "Wataonyeshwa ngome, soko, ubani. Mambo ya utumwa usiyaguse. Watu wamelipia likizo, hawajalipia kulia. Safari hii ikienda vizuri nakuandika kazi ya kudumu. Isipoenda vizuri, sijui."

Nilikwenda na hilo "sijui" kwenye treni hadi nyumbani, Quakers Hill, na nikalala nalo. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mama yangu alikuwa amejiandikisha kwenye msafara, na mama yangu huuliza maswali.

Mwongozaji wetu Maskati aliitwa Mzee Nasoro, Mwomani aliyezaliwa Unguja, mwenye kanzu nyeupe na Kiswahili kilichonifanya nione haya kufungua mdomo. Alituonyesha ngome mbili za Wareno mdomoni mwa bandari. Alituonyesha majabali ambako mabaharia wa zamani waliandika majina ya meli zao, akayasoma moja baada ya jingine. Alisimulia jinsi lango la mji lilivyokuwa likifungwa usiku, na anayetembea ndani akalazimika kubeba taa. Wakenya walipiga picha. Mimi nilihesabu watu. Mama alikuwa kimya, nami nikajidanganya kwamba amechoka na jua.

Baada ya soko la Matrah, Mzee alitukaribisha kwake. Tuliketi kwenye mazulia, tukala tende, naye akazunguka na dele la kahawa yenye iliki.

"Ukitosheka, tikisa kikombe," alisema. "Usipotikisa nitakumiminia mpaka magharibi."

"Basi mimi nitahamia hapa," alisema muuguzi mmoja, na watu wakacheka.

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chake chini, kimejaa. Mzee akaacha kumimina.

"Bibie ana haja," alisema.

"Mama ana presha," nilidakia. "Daktari amemkataza kahawa."

"Presha yangu iko muzuri," alisema Mama.

Mzee aliketi. "Desturi ya huku, mgeni akiweka kikombe bila kunywa, ana jambo kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba lazima alisikie kwanza. Sema, bibie."

"Mum, please," nilinong'ona. Mama hakuijua desturi hiyo. Kahawa ilikuwa imegoma tu kupita kooni. Lakini alipofunguliwa mlango, aliingia.

"Bon. Tangu asubuhi unatuonyesha kuta. Mutoto wa kwetu, dada ya bibi ya bibi yangu, walimubeba ku Uvira na kamba kwa shingo. Wazee walisema alifika huku. Niko nauliza tu, baba. Aliingilia mulango gani?"

Muuguzi akainamia simu yake. Mkono wangu ukafanya ulichofundishwa: ukanyanyua bendera.

"Jamani, basi linatusubiri," nilisema.

Basi halikuwa likitusubiri. Dereva alikuwa amekwenda kuswali, na kila mtu alimwona akienda. Hakuna aliyeinuka. Nilibaki nimesimama peke yangu na kitambaa changu juu, ndani ya nyumba ya mtu.

"Mlango siujui," alisema Mzee taratibu. "Kwetu Unguja alikuwako bibi aliyenilea. Alinibeba, alinilisha. Tulimwita Mmanyema, kwa asili yake ya huko kwenu Kongo. Mmanyema, lete maji. Mmanyema, mtoto analia. Mpaka amekufa sikuuliza jina lake." Aliangalia mikono yake. "Na leo nimekusomeeni majina ya meli."

"Nani anaweza kujua?" aliuliza Mama.

"Labda dada yangu mkubwa."

"Basi muulize."

Mama akachukua kikombe chake, akakinywa kimeshapoa.

Tuliporudi Sydney, Meneja aliniita. Alikuwa amesikia yote. "Ati uliwaambia basi linasubiri?" Alitabasamu. "Hiyo ndiyo kazi, dear. Hujui tu wewe uko mzuri kiasi gani." Akanipa ile kazi ya kudumu. Maneno yale ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata pale, na sikuweza kuibeba hadi stesheni. Wiki hiyo niliacha kazi.

Watu huniuliza kama najuta. Najuta mambo mengi, lakini hilo silo. Nililosomea ni kupeleka watu mahali na kuwarudisha salama. La kufanya wakishafika na kuuliza, sikusomea.

Juzi Mzee Nasoro alinitumia ujumbe wa sauti. Nilimsikilizisha Mama jikoni, akiwa bado na sare ya kazi yake ya kutunza wazee. "Mwambie mama," alisema Mzee, "dada yangu naye halijui jina la yule bibi. Niliona haya kuuliza, nikaona haya zaidi kwa jibu nililopata. Nitawauliza wengine."

Mama alivua viatu, akakaa.

"Yeye ameuliza," alisema.

Nilijua ananisema mimi. Hadithi ile ya Uvira niliisikia tangu utotoni, na kila mara nilikuwa na kazi ya shule, au simu, au haya. Nikavuta kiti.

"Yule wa kwetu, Mama. Aliitwa nani?"

"Nabintu," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"