Neno Alilompa Fenwick

Kwao Idwal Pritchard, kwenye milima ya kaskazini mwa Wales, wanaume walipasua mawe ya kuezekea nyumba na jioni wakarudi makwao wakikohoa vumbi lake. Idwal naye alipasua, mpaka siku jiwe lilipomvunja mguu. Ndipo wenzake wakampeleka Bungeni, London, kwa kuwa alijua kusema na hakuwaogopa mabosi. Huko akakaa miaka mingi kwenye viti vya nyuma, uwaziri asiupate wala asiutamani.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mpinzani. Aubrey Fenwick, mwenye mashamba na kondoo, alikaa upande wa pili, na hotuba zake zilimchefua Idwal. Lakini kwenye mgahawa wa Bunge walibishana kuhusu maradhi ya kwato mpaka chai ikapoa. Wakawa jozi, kama walivyokuwa wabunge wengi wa pande mbili: mmoja akishindwa kufika, mwenzake naye hapigi kura, ili hesabu ibaki sawa. Hapasainiwi karatasi. Ni mdomo tu.

Mwaka mmoja waziri mkuu, wa chama cha Idwal, hakuwa na wabunge wa kutosha. Cheo alikipata bila uchaguzi, wenzake walipomchoka aliyemtangulia wakamsukuma kando, na tangu hapo alikuwa akishikiliwa na chama kidogo. Chama hicho kilipojitoa, wapinzani wakaleta hoja ya kutokuwa na imani naye. Akishindwa, serikali imekwisha.

Asubuhi ya kura, Cecily, mke wa Fenwick, alimpigia simu Idwal. Mumewe alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa maji.

"Daktari amemkataza kutoka kitandani, hasikii. Anasema atakuja hata kwa machela."

"Mwambie alale, shemeji. Mimi sipigi kura. Jumamosi nakuja kumfunga karata."

"Nimwambie umesema mwenyewe?"

"Mwambie nimesema mimi."

Jioni Stott, mnadhimu wa chama, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kura inayopotea, alimkuta mgahawani. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Mzee, inuka. Tumepungukiwa na mmoja."

"Mimi nina jozi. Fenwick yuko hospitali."

"Najua aliko. Inuka."

"Nimempa mtu neno langu, Stott."

"Neno! Serikali inazama, wewe unaniletea neno? Haya, kawaambie watu wako umewafungia machimbo kwa ajili ya tajiri wa kondoo."

Idwal hakuinuka. Basi akaja waziri mkuu mwenyewe, uso umemsawijika, akavuta kiti. Hakufoka.

"Idwal, hao wakiingia, ruzuku ya machimbo yenu ndiyo ya kwanza kukatwa. Wewe unajua ni nyumba ngapi zinakula pale." Akamshika bega, akaenda zake.

Kengele ya kura ikalia. Kule wabunge hupiga kura kwa miguu: wanaokubali hupita mlango huu, wanaokataa mlango ule. Idwal akakaa, akakaa, halafu akajikuta amesimama. Alipita mlango wa kumwokoa waziri mkuu kichwa kimeinama, na karani akalitia alama jina lake kama majina mengine.

Serikali ikapona kwa kura moja. Watu wakarukaruka, wakampiga Idwal mgongoni mpaka miwani ikamdondoka. Upande wa pili mtu akasimama, akamnyooshea kidole.

"Fenwick yuko kitandani kwa sababu alikuamini!"

Kelele zikakatika. Idwal akainama kutafuta miwani, akaitafuta muda mrefu ingawa ilikuwa pale pale mbele ya kiatu chake.

Jumamosi alikwenda hospitali. Karata zilikuwa mfukoni, hakuzitoa. Fenwick alikuwa ameegemea mito.

"Nilisikia redioni, Bwana Pritchard."

Hakuwa amemwita hivyo tangu waliposhibana.

"Aubrey, walinibana. Yale machimbo—"

"Naelewa. Cecily aliponiletea salamu zako nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Dereva yuko mlangoni. Nikakivua." Akafumba macho. "Asante kwa kuja. Nimechoka kidogo."

Idwal akateremka ngazi uso ukimchoma kama aliyezabwa kofi.

Kijijini walimpokea kwa tarumbeta. Gwilym, aliyepasua naye mawe zamani, akapayuka mbele ya watu: "Huyu ndiye mwanaume! Kamwacha tajiri na nguo za kulalia!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Idwal naye akacheka.

Nesta, mkewe, hakucheka. Walipofika nyumbani akachukua viazi na kisu.

"Ulimwambia mkewe kwamba hupigi kura?"

"Nilimwambia."

"Na leo ukacheka nao." Akaendelea kumenya.

Waziri mkuu yule hakufika mbali. Chama kiliposhindwa chaguzi ndogo mbili tatu, wabunge wake wenyewe waliingia ofisini kwake mmoja mmoja kumwambia hawako naye tena, Stott akiwa miongoni mwa wa kwanza. Akajiuzulu. Aliyemrithi, wa chama kile kile, ndiye aliyeikata ruzuku, na machimbo yakafungwa. Idwal aliwaambia watu wa kwao kwamba hatagombea tena. Walidhani ni mguu unaomsumbua. Hakuwasahihisha.

Hospitali hakurudi. Kila alipopanga safari alimwona Fenwick akivua kile kiatu, akaahirisha. Mwishowe akasoma gazetini kwamba amefariki.

Akapanda treni kwenda mazikoni. Cecily alimkuta amesimama nje ya kanisa, kofia mkononi, mvua inamnyeshea.

"Alikuwa akiuliza kama umekuja," Cecily akasema. "Miezi mingi, kila akisikia hatua kwenye korido. Baadaye akaacha kuuliza."

"Niliona haya, shemeji."

"Alilijua hilo. Nilitaka kukuandikia, akanikataza. Alisema mtu asiburutwe." Akamtazama kidogo. "Haya ingia, utapata homa."

Idwal akaingia, akakaa benchi la mwisho. Wimbo ulipoanza wote wakasimama. Naye alisimama, kitabu kimefunguliwa mikononi, midomo ikicheza, sauti haitoki.