Mwanamke wa nikabu anayeingia kwetu kwa mlango wa nyuma

Admin, nifiche jina, na mtaa pia usiutaje, maana huku kwetu ukitaja mtaa umeshamtaja mtu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimezaliwa Matemwe, nimeolewa Mji Mkongwe. Mume wangu ana duka la vitambaa, sisi tunakaa juu yake. Mtoto bado hatujajaaliwa.

Niseme ukweli, mji huu naupenda kuliko waliozaliwa humu. Wao wanapita wanaangalia simu. Mimi napenda kutembea, nipotee vichochoroni kisha nitokee nisipopatarajia, mara Malindi kwenye makelele ya bandarini, mara Vuga chini ya ile miti mikubwa ambako hata jua la alasiri halikupati. Kuna gofu moja la nyumba limeota mti juu ya ukuta, kila nikipita lazima niutazame kama umeongeza majani. Sina ninachokitafuta. Nikirudi nyumbani roho imetulia, basi.

Lakini mji wenyewe hautembeleki. Kila kona ina baraza, kila baraza wamekaa wazee, na kila mzee lazima umwamkie. "Shikamoo." "Marahaba, mke wa fulani, waelekea wapi?" Ukipita kimya una kiburi. Ukiamkia, habari zako zinafika nyumbani kabla yako. Mama mkwe anakaa mlango wa pili, nikirudi namkuta ananisubiri. "Leo ulikuwa Vuga. Vuga kuna nini?" Nikimwambia natembea tu, anacheka. "Mtu hatembei tu, mwanangu. Mtu ana anakokwenda." Mume wangu naye akaniambia nipunguze, eti namtia aibu. Nilichoka jamani. Mwanamke mzima naulizwa kama mtoto aliyetoroka chuo cha Kurani.

Nikanunua nikabu. Kawaida yangu ni baibui na mtandio, kwa hiyo nilijua hakuna atakayenitambua. Alasiri mume wangu akipanda kulala, mimi nateremka, natoka mlango wa nyuma, macho tu yako nje. Wallahi nilistarehe. Nilikuwa nakaa bustanini kule Vuga mpaka nachoka mwenyewe, napita mbele ya wazee wale wale na hakuna anayeniuliza kitu.

Wiki iliyopita mama mkwe kaniita. "Kaa, mwanangu. Mie sipendi fitina, lakini mtaa mzima unaona. Kuna mwanamke wa nikabu anaingia kwenu kwa mlango wa nyuma, na mumeo yumo ndani. Wewe nadhani wakati huo umelala, huna habari." Kisha akaongeza, "Ila ana adabu, maskini. Anapita kainamisha kichwa. Si kama wewe."

Nilijibana nisicheke. Nilikereka pia, lakini nikasema hii nikamhadithie mume wangu tucheke wote, pengine ndiyo atanielewa aniache nitembee kwa amani. Baada ya Magharibi tuko kwenye chai nikaanza: "Mama kanambia watu wanamuona mwanamke wa nikabu anaingia humu." Nilikuwa bado sijafika pa kumwambia kuwa ni mimi.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Hakuniangalia. Akasema, "Mie nshamkataza asije huku. Nlimwambia atulie kule kule Chukwani mpaka ntafute siku nkwambie mwenyewe."

Kumbe kaoa. Kaoa kimya kimya, mimi nashika njia za Vuga kutazama miti. Maneno niliyotaka kusema niliyameza na mpaka leo sijayatoa. Mume wangu anaamini kabisa kuwa huyo mwenzangu ndiye aliyekuwa anakuja kumuumbua. Kila siku wanagombana kwenye simu, namsikia. Mwanamke analia, anaapa hajawahi kukanyaga mtaa wetu. Anasema kweli, na anayelijua hilo ni mimi peke yangu. Juzi mume wangu kasema akiendelea kukana atamuacha.

Mlango wa nyuma ameutia kufuli.

Ndugu zangu, nimeshindwa. Nikisema kweli, nimemuokoa mwanamke niliyefichwa, na mimi nitafungiwa ndani, tena safari hii wataona wana haki. Nikinyamaza, anaachwa kwa kosa asilolifanya, na kuna kipande cha moyo wangu kinataka aachwe. Msinitukane, niambieni tu nifanye lipi, maana hata pa kutembea nikapunguza mawazo sina tena.