Nilivyoitikisa Bia ya Mbelgiji

Jamani, naomba msinicheke sana. Wiki iliyopita nilikuwa Zhongda, soko la vitambaa huko China, dukani kwa laoban wangu, mama Mchina anayeniuzia vitambaa. Mteja mwenzangu, Mbelgiji, akafungua chupa ya bia kali ya kwao, rangi ya dhahabu, akanimiminia kidogo nionje. Ilikuwa chungu kama mwarobaini, halafu ikaacha harufu ya ganda la chungwa.

Nami, peja ya kupokelea ujumbe kiunoni kama bosi, nikajitia mtaalamu. "Mimi Mchagga wa Kibosho. Bibi yangu anapika mbege. Kwenye pombe usinifundishe."

Nilipoona anaacha mashapo chini ya chupa, nikamhurumia kweli. Kwetu mbege usipoikoroga umekunywa maji tu. Utamu wote umelala chini. Basi chupa ya pili nikaichukua mimi, nikaitikisa kwa mikono miwili kwa heshima zote za bibi, nikafungua waya ulioshika kizibo.

Kizibo kiligonga feni. Povu likatulowesha sote watatu, pamoja na robota zima la lesi nyeupe.

Mbelgiji akapangusa miwani taratibu. "Bibi yako," akauliza, "hiyo mbege huwa anainywa, au anafulia nguo?"