Mkimbiaji Aliyelala Kitandani Kwangu

Wenzangu mliosoma miaka ile ya kwenda shule na jembe begani na fagio mkononi, nyie mtakuwa mashahidi wangu. Wakati wetu mwanamichezo akija kushindana nanyi hakulala hotelini wala hosteli. Alilala kwenu. Anashushwa na lori asubuhi, mwalimu anasoma majina, mama yako anaitikia, na kabla jua halijazama yule mtu aliyekuja kukushinda amekalia kigoda chako anakula kuku wenu.

Kijiji chetu kiko mwendo mfupi kutoka Ihanja, na nilipokuwa darasa la sita ndicho kilichopewa mashindano ya shule za msingi. Wageni walitoka Iramba. Kwa muda mrefu hatukushika kalamu. Tulifyeka uwanja, tukang'oa visiki, tukachora mistari kwa majivu ya mafiga ya nyumbani kwetu. Wazazi hawakuuliza timu ya wageni ina nguvu kiasi gani. Waliuliza watoto wangapi wanakuja na kama wanakula mlenda.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilikimbia mita mia nane, na bila kujisifu, wasichana wa shule yetu hawakuwa wanaujua uso wangu nikiwa mbioni, walijua visigino tu. Atakayeshinda angeingia timu ya mkoa na kwenda Dodoma. Mimi nilikuwa sijavuka Ikungi, na huko Ikungi kwenyewe nilipelekwa siku ya mnada ili nishike kamba ya mbuzi. Kaka zangu wote wawili walikuwa wameshapanda basi, na kila jioni walitusimulia hilo basi kama vile walilizaa wao. Niliitaka safari ya Dodoma kuliko nilivyotaka kufaulu, na Mungu anisamehe, kuliko nilivyoitaka Idi.

Nyumbani tukapewa Tabitha. Msichana mrefu, mkimya, miguu mitupu, ana kifurushi cha kanga na adabu nyingi. Alipiga goti kumsalimia mama shikamoo, na pale pale nikajua nimekwisha. Nilipomuuliza anashiriki mchezo gani, akasema mbio. Mbio zipi? Mita mia nane.

Basi mama yangu akaanza kazi. Kitanda changu cha kamba kikawa cha mgeni, mimi nikapewa ngozi ya ng'ombe chini, karibu na mlango, mahali ambapo mbuzi akikohoa unamsikia kama yuko kwenye sikio. Maziwa mgando ya kibuyu kidogo, ambayo sisi tulionja tukiugua tu, yakawa ya mgeni. Jioni ya kwanza firigisi ilitoka kwenye sahani ya baba ikaenda kwa Tabitha. Baba aliitazama ikipita, akameza mate, halafu akamuuliza mgeni habari za mvua huko kwao. Jumapili mama, Mwislamu asiyekosa swala, alimsindikiza Tabitha mpaka kanisani na kumsubiri nje juani, kanga kichwani, hadi ibada ilipoisha, kwa sababu eti mtoto wa watu hawezi kuachwa atembee peke yake.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonichoma ni raba. Nilikuwa na jozi moja ya raba nyeupe, niliyoletewa na mjomba, niliyoitunza kwa ajili ya siku ile. Mama aliifua, akaianika, na ilipokauka akampa Tabitha. Nilipofungua mdomo akaniambia miguu yangu imezoea mawe ya hapa, ya mwenzangu haijazoea. Ungedhani mawe ya Iramba ni ya pamba.

Kijiji kizima kilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa Mzee Ntandu. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote pale, na mkono mgumu kuliko pembe zao. Mgeni wake, msichana mfupi mwenye uso wa hasira, alipewa uji mweupe asubuhi, ugali na mlenda jioni, na kati ya hapo alipewa ndoo akachote maji. Wamama kisimani walimzungumzia Mzee Ntandu kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa kuambukiza.

Mashindano yakaanza, nasi tukaanza kupigwa. Golikipa wetu Saidi, ambaye mpira ukimfikia ulikuwa hauondoki bila ruhusa yake, alimwona mshambuliaji aliyelala kwao akija taratibu, akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mkwe. Netiboli wasichana wetu waliwapa wageni mpira mkononi. Kwenye mbio za magunia, mtoto wetu aliyekuwa anaongoza alianguka mwenyewe mahali palipo tambarare, tena alichagua pa kuangukia. Siku ya pili ilipoisha hatukuwa na ushindi hata wa kuvuta kamba, sisi watoto wa kuvuta ndama kila siku.

Mwalimu mkuu alitupanga mstari. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, hakutuelewa vizuri, na fimbo aliishika kama mtu aliyesahau aliitaka ya nini. Akaanza na Saidi: ulikuwa unaumwa?

"Hapana mwalimu. Mama alisema nisimwaibishe mgeni wetu."

Wa pili naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo na mama yake. Wa tatu aliambiwa na bibi. Mstari mzima, nyumba moja moja. Kila nyumba ilikuwa imemwita mtoto wake pembeni kwa siri ikamwonya, ikidhani yenyewe tu ndiyo yenye ustaarabu, na kwamba ushindi ungeletwa na watoto wa jirani. Mwalimu aliiweka fimbo chini. Akaniita mimi, akaniambia nimebaki peke yangu, mbio zangu ni kesho, na kama na mimi nimeonywa nyumbani nimwambie sasa hivi. Nikasema sijaonywa. Ilikuwa kweli. Mama alikuwa hajafika kwangu.

Alifika asubuhi, nikiwa nakoka moto.

"Mwanangu, yule binti amekula chakula chetu," alisema. "Ukimwacha nyuma mbele za watu, akirudi kwao atatusemaje?"

"Na Dodoma yangu, mama?"

"Dodoma haihami. Utaikuta."

Nikaendelea kupuliza moto, maana wakati wetu mzazi hajibiwi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa. Nilikuwa sijawahi kumkataa mama mpaka siku ile.

Kipenga kikalia. Mzunguko wa kwanza nikaongoza, Tabitha nyuma yangu, nikisikia raba yangu mwenyewe inanifuata tap tap tap. Wa pili tukawaacha wengine mbali, tukawa bega kwa bega. Uwanja mzima unapiga kelele, na sauti ya mama naisikia, na nyie wenzangu, mama yangu alikuwa anamshangilia Tabitha. Hapo nikapata hasira ya kunitosha. Nikaongeza mwendo. Kamba ya kumalizia naiona, Dodoma naiona nyuma yake, nikageuka kidogo kumtazama mara ya mwisho, nikakuta amepunguza mwendo.

"Tangulia, dada," ananiambia, anahema. "Nyumbani wameniambia nisiwaaibishe wanaonilisha."

Sasa hapo ungefanyaje? Mimi niliyelelewa na yule mama? Miguu ilipungua yenyewe. Nikamwambia tangulia wewe. Akasema hapana, wewe ndiye mwenyeji. Nikasema ndiyo maana, wewe mgeni utangulie. Tukawa tunakaribishana mbele ya kamba kama wazee wawili mlangoni, hapana wewe, hapana wewe, na mwalimu mkuu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo katikati yetu akapita msichana mfupi mwenye uso wa hasira, mgeni wa Mzee Ntandu, mtoto asiyedaiwa shukrani na mtu yeyote, aliyetaka tu mambo yaishe arudi kwao akale. Akakata kamba bila kutuangalia.

Yeye ndiye aliyekwenda Dodoma. Mzee Ntandu alizunguka kijijini mwezi mzima akifundisha watu namna ya kumtunza mwanamichezo. Uji mweupe, alisema, na kazi kidogo za mikono.

Mimi nililia njia nzima mpaka nyumbani, na Tabitha alilia pamoja nami, tukiwa tumevaa raba moja moja, maana alinivulia mguu mmoja na mimi sikukubali wa pili. Mama aliposimuliwa alichoambiwa Tabitha na mama yake, alitufuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Kisha akasema, kwa furaha ambayo sikumsamehe kwa miaka mingi, kwamba basi huko Iramba nako kuna watu. Dodoma nilikuja kuiona nikiwa nimeolewa, na kweli ilikuwa haijahama, lakini mimi nilikuwa sikimbii tena.

Sasa naishi Singida mjini, na mwaka huu binti yangu alichaguliwa kukimbia hapa hapa. Nilifua mashuka, nikanunua kuku wawili, nikamfuata kijana mwenye filimbi shingoni na simu mbili mkononi, nikamwomba anipe mgeni. Alinitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba wanamichezo wako hosteli, chakula kina mpishi wake, na kuna utaratibu wa usalama. Hata binti yangu alilala hosteli, na kutoka nyumbani kwangu hadi hapo unaweza kwenda na sahani ya chai bila kuimwaga. Kuku tulikula wenyewe. Baba yake alipata firigisi zote mbili na hakuzifurahia.

Siku ya mbio nilikaa jukwaani. Watoto wa siku hizi wanabandikwa namba kifuani, wananyoosha misuli nusu saa kwa ajili ya mbio za dakika mbili, wanapiga picha viatu kabla ya kuvivaa, wanakunywa maji ya bluu. Lakini yule wangu aliondoka pale kama mshale, hakugeuka, hakumkaribisha mtu, akakata utepe. Nilipiga vigelegele mpaka kitambaa kikanidondoka. Sitawadanganya, nilifurahi, na ndani ya furaha ile nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe.

Jioni alipoletwa nyumbani nikamuuliza yule aliyekuwa wa pili, aliyemkimbiza mpaka mwisho, ni mtoto wa wapi, anaitwa nani, alijisikiaje. Alifikiri kwa dhati, maana ana adabu, sikumlea vibaya.

Medali nimeitundika sebuleni, juu kabisa ya televisheni. Wageni wakija wanaisifu, wanauliza alimshinda nani, na mimi nawajibu kama alivyonijibu yeye: namba kumi na saba.